Mtoto aliyezoea titi anapoanzishiwa maziwa ya kopo: tuanzeje bila maziwa ya mama kukauka?

Mama Mchanga (mwanzisha uzi)

Habari zenu, wazazi wenzangu. Mwanangu anakaribia kutimiza miezi minne, hajawahi kuonja chochote zaidi ya maziwa yangu, na kila tunapokwenda kliniki mstari wa uzito wake kwenye kadi unapanda vizuri. Likizo yangu ya uzazi inaelekea ukingoni, na kazi ninayorudia ni ya zamu, isiyonipa uhakika wa muda wala faragha ya kukamua kila ninapohitaji. Mimi na baba yake tumekubaliana kwamba nikiwa kazini mtoto apewe maziwa ya kopo, na nikiwa nyumbani aendelee kunyonya.

Naomba tusirudie mjadala wa kipi bora kati ya maziwa ya mama na ya kopo, kwa kuwa jibu lake ninalifahamu na ndiyo maana sitaki kuacha kunyonyesha. Ninachouliza ni namna ya kuanza bila kumvuruga tumbo, namna ya kuzuia maziwa yangu yasipungue hadi yakakauka, na namna ya kumzoesha chupa mtoto ambaye kila akiwekewa chuchu ya mpira mdomoni huisukuma nje kwa ulimi, akageuza uso na kuanza kunitafuta mimi.

Mkunga Mstaafu

Hujambo, mwanangu. Nitaanza na swali lako la pili, kwa sababu hilo ndilo linaloamua mengine yote. Titi si mtungi unaojazwa ukasubiri kumiminwa. Mtoto anaponyonya, mwili wa mama hutoa homoni ya prolaktini, inayohimiza maziwa kutengenezwa, na ya oksitosini, inayoyasukuma yatoke. Titi likikaa limejaa kwa muda mrefu, kasi ya kutengeneza maziwa hupungua. Likinyonywa au kukamuliwa, kasi hupanda tena. Ndiyo maana chupa moja ya maziwa ya kopo inayochukua nafasi ya mlo mmoja wa titi haimshibishi mtoto tu, bali pia inaliambia titi kwamba mlo ule hauhitajiki tena. Wengi hutumia nguvu nyingi kuchagua kopo, wakati jambo zito zaidi ni kuchagua mlo upi utakaouondoa kwenye titi na ipi utakayoilinda isiguswe.

Ilinde milo ya usiku na ya alfajiri. Prolaktini huwa juu zaidi usiku, na mama anayenyonyesha usiku huwa na nafasi kubwa ya kuendelea kuwa na maziwa ya kutosha hata kama mchana hayupo. Ushauri wa kumpa mtoto kopo usiku ili alale usingizi mzito huwa unatolewa kwa nia njema, lakini kwa mama mwenye mpango kama wako ni kuanza kukata tawi ulilokalia.

Anza wiki mbili au tatu kabla ya kurudi kazini. Badilisha mlo mmoja wa mchana, ule ambao mtoto huwa hana pupa nao sana, kisha subiri siku kadhaa, angalau tatu na ikiwezekana hadi saba, kabla ya kubadilisha wa pili. Utaratibu huo unampa mtoto muda wa kuzoea, na matiti yako nayo yanapunguza kiasi polepole bila kuvimba. Yakijaa hadi yakauma, kamua kidogo tu, kiasi cha kupata nafuu, kwa kuwa ukiyakamua hadi mwisho utakuwa umeyaagiza yatengeneze upya kiasi kilekile. Ukiona sehemu ya titi imekuwa nyekundu, ngumu na ya moto, na mwili una homa, usikae nyumbani ukisubiri ipite. Nenda kituo cha afya, na uendelee kunyonyesha, kwa sababu maziwa yakituama humo hali huwa mbaya zaidi.

Kuna jambo ambalo hukuliuliza, na wengi hawaliulizi hadi wanapojikuta wajawazito. Kunyonyesha huzuia mimba kwa uhakika mkubwa, zaidi ya asilimia 98, pale tu masharti matatu yanapotimia kwa pamoja: hedhi haijarudi, mtoto hajatimiza miezi 6, na mtoto ananyonya maziwa ya mama pekee, mchana na usiku. Siku unapoanza kumpa kopo kwa utaratibu, sharti la tatu limevunjika, na yai linaweza kupevuka kabla hujaona hedhi yoyote. Zungumza na mtoa huduma kuhusu uzazi wa mpango kabla ya kuanza, na umweleze kwamba bado unanyonyesha, kwa kuwa vidonge vyenye estrojeni vinaweza kupunguza maziwa, ilhali vyenye projestini pekee kwa kawaida havina shida hiyo.

Baba Pacha

Dada, bibi mkunga amemaliza upande wa titi; mimi niongeze upande wa jikoni, kwa kuwa kwetu mimi ndiye mwenye jukumu hilo, na ninaamini baba wa mtoto wako au yeyote atakayebaki naye anahitaji kulijua kwa undani kuliko wewe utakayekuwa kazini.

Jambo ambalo halijulikani sana ni kwamba maziwa ya unga ya watoto hayako katika hali ya kutokuwa na vijidudu kabisa, hata kopo likiwa jipya na limefungwa vizuri. Bakteria kama Cronobacter na Salmonella wanaweza kuwemo ndani ya unga wenyewe, na ndiyo sababu mwongozo ambao Shirika la Afya Duniani liliutoa mwaka 2007 unataka unga uchanganywe na maji yenye joto lisilopungua nyuzi 70. Maana yake ni kwamba ule mtindo wa kuchemsha maji asubuhi, kuyaacha yapoe kabisa na kuyatumia mchana kutwa unaua vijidudu vya maji peke yake, na kuviacha vya unga vikiwa salama salimini. Chemsha maji, yaache yapoe kwa muda usiozidi nusu saa, kisha koroga. Hatari hii ni kubwa zaidi kwa watoto walio chini ya miezi miwili, waliozaliwa kabla ya wakati na wenye kinga dhaifu, lakini sioni sababu ya kulegeza utaratibu kwa mtoto wa miezi minne.

Mpangilio wenyewe ni huu. Nawa mikono kwa sabuni, tumia chupa na chuchu zilizooshwa zikaondolewa mabaki yote ya maziwa na kisha kuchemshwa, tia maji kwanza hadi alama inayotakiwa, halafu ndipo utie unga. Kijiko ni kile kilichomo ndani ya kopo hilohilo. Kijiko cha kopo jingine kinaweza kuwa na ujazo tofauti, kwa hiyo kisihamishwe. Chota bila kushindilia, kisha futa kilele cha unga kwa mgongo wa kisu safi na kikavu ili kijiko kiwe sawa na ukingo wake. Funga chupa, itikise, ipoze kwa kuisimamisha ndani ya maji baridi ambayo hayafiki kwenye kifuniko, na udondoshe matone machache upande wa ndani wa kifundo cha mkono wako kabla ya kumpa mtoto. Yanatakiwa yawe vuguvugu, wala si ya moto.

Vipimo visichezewe kwa upande wowote. Kuongeza maji ili kopo lidumu humnyima mtoto lishe, na maji yakizidi sana chumvi katika damu yake hushuka hadi kuweza kumsababishia degedege. Kuongeza unga ili ashibe zaidi huyapa mafigo yake mzigo, humkausha maji mwilini na humfunga choo. Vilevile usitie sukari, uji wala kitu kingine chochote ndani ya chupa.

Mpita Njia

Mimi naona mnamrahisishia mno mama huyu. Nimesikia mara nyingi kwamba maziwa ya mama na ya kopo yakikutana tumboni hugombana, na kwamba mtoto akishaonja kopo hulikataa titi moja kwa moja. Je, si afadhali achague kimoja kuliko kumchanganya mtoto?

Mkunga Mstaafu

Ndugu yangu, hayagombani. Maziwa yote huganda kidogo yakifika tumboni, ya mama na ya kopo, na hiyo ndiyo hatua ya kawaida ya kumeng'enywa. Akinyonya saa mbili asubuhi na kupewa kopo saa nne, hakuna kinachoharibika. Yanaweza hata kukaa ndani ya chupa moja, mradi unga uwe umekorogwa kwanza kwa maji kwa vipimo vyake kamili, kisha maziwa yaliyokamuliwa yaongezwe. Kamwe usikoroge unga kwa maziwa ya mama badala ya maji. Mimi hushauri yatolewe moja baada ya jingine, ya mama kwanza, kwa kuwa mtoto akibakiza chupa iliyochanganywa utalazimika kumwaga na yale uliyoyakamua kwa jasho.

Hofu yako ya pili ina ukweli ndani yake, ila sababu haiko kwenye ladha. Chupa hutiririsha haraka na bila kukatika, ilhali titi humtaka mtoto avute kwanza na kusubiri. Mtoto anayepewa chupa kwa pupa, akiwa amelazwa chali na chupa ikiwa imeinuliwa juu, hukosa subira ya titi. Kwa hiyo tumia chuchu inayotoa polepole, mkalishe akiwa wima kiasi, shika chupa ikilala karibu sambamba na sakafu, na kila baada ya mikupuo kadhaa iinamishe chini apumzike. Mlo uchukue muda unaofanana na ule wa kunyonya. Akigeuza uso au akilegeza midomo, amemaliza, hata kama chupa bado ina maziwa.

Yupo mama mmoja ambaye simjibu kwa wepesi kama ninavyokujibu wewe, naye ni mwenye virusi vya UKIMWI. Kabla ya dawa kupatikana kwa wingi, tafiti zilionyesha kwamba kuchanganya kopo na titi katika miezi ya mwanzo kulihusishwa na maambukizi mengi zaidi kwa mtoto kuliko kunyonyesha pekee. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unasema kwamba kwa mama anayetumia dawa za kufubaza virusi, kunyonyesha pekee kwa miezi 6 ya mwanzo ndiko kunakopendekezwa, lakini kuchanganya si sababu ya kumfanya aache kunyonyesha. Mama huyo aanze kwa kuzungumza na kliniki yake, wala asiache kumeza dawa.

Dada Mkubwa

Naomba niwasemee wanaosoma uzi huu wakiwa na sababu tofauti na ya mwanzishaji. Wengi wetu hatuanzi kopo kwa ajili ya kazi. Tunaanza kwa sababu tumeaminishwa kwamba maziwa yetu hayatoshi. Mtoto ananyonya jioni nzima bila kuachia, matiti yamekuwa laini, ukikamua unapata kidogo chini ya chupa, na kila anayeingia nyumbani ana maoni. Hakuna hata moja kati ya hayo linalothibitisha upungufu. Kunyonya mfululizo jioni ni tabia ya kawaida ya watoto wachanga, hasa wanapokuwa katika vipindi vya kukua kwa kasi. Matiti huwa laini baada ya wiki kadhaa kwa kuwa yamejifunza kutengeneza kinachohitajika. Na kiasi unachokamua si kipimo cha kile ambacho mtoto mwenyewe anaweza kuvuta.

Vinavyothibitisha ni uzito na nepi. Mtoto hupungua uzito kidogo siku za mwanzo, kisha anatakiwa awe amerudia uzito wa kuzaliwa ifikapo takribani wiki mbili, na baada ya hapo apande. Kuanzia siku ya 5 au ya 6, nepi zilizolowa zinatakiwa ziwe 6 au zaidi kwa saa 24. Kama hayo yapo, kopo litaanzisha tatizo ambalo halikuwepo, kwa sababu titi litaanza kupunguza na baada ya muda maneno ya kwamba "maziwa hayatoshi" yatakuwa kweli. Kama hayapo, mtoto apelekwe akaonwe mara moja, na hapo kopo linaweza kuwa tiba ya lazima ambayo mama hatakiwi kuionea aibu hata kidogo. Kinachoudhi ni kwamba mama wa aina ya kwanza husukumwa na mama wa aina ya pili husutwa, mara nyingi na watu walewale.

Mama Mchanga

Shikamoo, bibi mkunga, na asanteni wote. Jambo la uzazi wa mpango lilikuwa halijanipitia akilini kabisa. Bado nina maswali. Nianze na kiasi gani, na nijuaje kwamba tumbo lake limeyakubali? Kopo lenyewe nilichague vipi, maana kila moja linajisifu? Na hilo la kukataa chupa limenishinda, kwa sababu tumejaribu aina tofauti za chuchu na kila mara inaishia kwa kilio.

Mkunga Mstaafu

Marahaba, mwanangu. Mtoto wa umri huo anayetumia kopo pekee huhitaji kwa makadirio mililita 150 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku nzima, kwa hiyo wa kilo 6 angehitaji karibu mililita 900 zikigawanywa kwenye milo yake yote. Wako atakuwa bado ananyonya, hivyo mlo mmoja wa kopo utaangukia kwenye mililita 120 hivi. Siku za kwanza tengeneza 60, umwongeze akionyesha kwamba bado anataka. Ni bora kukoroga mara mbili kuliko kumlazimisha amalize.

Choo chake kitabadilika, na ukijua mapema hutashtuka. Kile cha njano, chepesi na kisicho na harufu kali kitakuwa kizito zaidi, cha rangi iliyokolea au cha kahawia, chenye harufu, na huenda kikaja mara chache zaidi. Kucheua kidogo na gesi kwa siku chache si ajabu. Usichotakiwa kukivumilia ni damu kwenye choo, kutapika kwa nguvu kunakojirudia, kuharisha, au vipele vinavyotokea baada ya kunywa. Hizo zinaweza kuwa dalili za mzio wa protini ya maziwa ya ng'ombe, ambayo ndiyo msingi wa makopo mengi. Simamisha kopo, mnyonyeshe, umpeleke akapimwe. Midomo au uso ukivimba au akipumua kwa shida, hiyo ni dharura ya papo hapo.

Kuhusu kuchagua, chukua la kawaida lililoandikwa kwamba linafaa tangu kuzaliwa, litokanalo na maziwa ya ng'ombe, ambalo halijapita tarehe na ambalo utaweza kuendelea kulipata na kulimudu. Linaweza kutumika hadi mtoto atimize mwaka. Yale ya namba mbili na tatu si ya lazima. Hadithi nyingi zilizoandikwa kwenye kopo ni za biashara, na ni biashara iliyoutia ulimwengu wasiwasi kiasi kwamba mwaka 1981 Mkutano wa Afya Duniani ulipitisha kanuni za kudhibiti utangazaji wa maziwa mbadala wa ya mama. Makopo yasiyo na laktosi au ya mzio hayachaguliwi kwa kubahatisha. Hayo ni ya ushauri wa daktari.

Baba Pacha

Kuhusu kukataa chupa, dada, shida huenda ni wewe mwenyewe, na naomba usinielewe vibaya. Mtoto anayesikia harufu yako anajua kwamba titi liko karibu, na haoni sababu ya kukubali kibadala. Atoe mtu mwingine, wewe ukiwa nje ya chumba au hata nje ya nyumba, na wakati mzuri ni pale anapoanza kuonyesha njaa kwa kujilamba na kutafuta, kabla hajafika kwenye kilio, kwa kuwa mtoto anayelia hajifunzi kitu. Kwa mara za mwanzo chupa iwe na maziwa yako uliyoyakamua. Akishaikubali chupa ndipo ladha ibadilishwe, ili asikutane na mageni mawili kwa mpigo. Gusisha chuchu kwenye mdomo wa juu umwache aifuate mwenyewe, badala ya kumwingizia. Akikataa, achana nayo kwa muda, mjaribu tena baadaye.

Na ikishindikana kabisa, si lazima iwe chupa. Kikombe kidogo kisicho na kona hufaa hata kwa mtoto mchanga: anapakatwa akiwa wima, ukingo unagusishwa kwenye mdomo wa chini, naye hulamba na kunywa kwa kasi yake. Hakimiminwi mdomoni. Kikombe ni rahisi kukisafisha kuliko chupa, na kwa nyumba ambayo maji safi na muda wa kuchemsha vyombo ni vya taabu, mimi ningeanza nacho moja kwa moja.

Mama Mchanga

Kaka, wazo la kikombe sikuwa nimelifikiria, na baba yake amesema ataanza nalo. La mwisho: akinywa nusu akalala, ile nusu ikae hadi lini? Na siku zangu za mapumziko nimnyonyeshe kutwa nzima, au niendelee na kopo mchana ili asisahau?

Baba Pacha

Nusu hiyo mwaga. Mate yameshaingia, na vijidudu huzaana haraka kwenye maziwa ya vuguvugu. Chupa iliyokorogwa inatakiwa itumike ndani ya saa 2. Ikiwa ni lazima kukoroga mapema, ipozwe haraka na iwekwe kwenye friji isiyozidi nyuzi 5, isizidi saa 24. Akisafiri, beba maji ya moto kwenye chupa ya chai iliyofungwa vizuri na unga uliopimwa kwenye chombo kikavu, mkorogee hukohuko. Usipashe kwenye maikrowevu, kwa sababu hupasha bila usawa na inaweza kumbabua mdomo wakati nje chupa haina joto.

Mkunga Mstaafu

Siku za mapumziko mnyonyeshe kila anapotaka, mwanangu. Matiti yatajaa kidogo unaporudi kazini, lakini yatazoea mwendo huo, na kunyonya kwa wingi siku hizo hurudisha kile kilichopungua. Mwezi wa kwanza acha mlo mmoja wa kikombe au wa chupa ubaki hata ukiwa nyumbani, utolewe na baba yake. Kazini, hata ukipata nafasi moja tu ya kukamua kwa mkono katika zamu nzima, itumie: yaliyokamuliwa hukaa saa 4 kwenye chumba kisichozidi nyuzi 25 na hadi siku 4 kwenye friji, na kila unachokipeleka nyumbani kinapunguza kopo la kesho yake. Baada ya wiki mbili au tatu za utaratibu huu mpeleke akapimwe uzito, hata kama tarehe yake ya kliniki haijafika.